Kabla hujamfungulia mtoto kapsuli ya omeprazoli

Mimi ni mfamasia, nakaa kaunta huku Umoja, na kuna swali silikosi: mzazi anatoa kwa mkoba kipande cha stripu ya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kapsuli mbili tatu za miligramu 20 zilizobaki baba alipotibiwa vidonda vya tumbo, anataka nimwonyeshe vile atampimia mtoto wa miezi 3 kwa sababu kila akinyonya anacheua na usiku ni kilio tu. Wengine huwa washafungua na kuzisaga zile punje kwa kijiko. Sasa zile punje zimepakwa utando wa kuzikinga na asidi ya tumbo, ukizisaga dawa inaharibika hata kabla ifanye kazi.

Lakini hata angepimiwa sawasawa, kwa nini apewe? Kucheua kwa watoto wachanga huzidi karibu miezi 4, na wengi huacha wenyewe wakikaribia mwaka mmoja au wakipita kidogo tu. Kama ananyonya vizuri na uzito unapanda kwa kile kijitabu cha kliniki, basi kazi yako ni kufua leso, si kutibu. Tena kuna utafiti wa 2009 uliofanywa kwa watoto wachanga 162, nusu wakapewa lansoprazoli, ndugu yake omeprazoli, na nusu dawa bandia, na kila upande asilimia 54 walipata nafuu, yaani dawa haikuongeza kitu, isipokuwa waliopewa ile ya kweli ndio walipata maambukizi makali ya kifua zaidi.

Hapo ndipo watu hushtuka, ati dawa ya tumbo inaingiaje kwa kifua? Asidi ya tumbo ni kama askari wa geti, vijidudu vingi vinavyomezwa na maziwa, maji au vidole vichafu vinafia hapo. Virusi vya rota, vile vya kuharisha ambavyo chanjo yake iko kwa ratiba yetu Kenya tangu 2014, havipendi asidi kali. Norovirusi ni sugu zaidi, inapita tu, kwa hivyo usidhani asidi huzuia kila kitu. Na mtoto mchanga tayari asidi yake hupunguzwa na maziwa kila akinyonya, ukiongeza dawa hapo kinga inabaki kidogo sana. Halafu asidi ikipungua bakteria wa tumboni nao hubadilika, na inadhaniwa hizi dawa huvuruga hata chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa, ndiyo maana masikio na mapafu yanaingia kwa hii story.

Mwaka 2023 Wafaransa walichapisha hesabu ya watoto zaidi ya milioni 1.2, wote walikuwa wamewahi kupewa dawa za asidi za aina moja au nyingine. Waliopewa dawa za kundi la omeprazoli walikuwa na hatari zaidi ya maambukizi ya kulazwa hospitali, asilimia 34 juu kwa jumla, ya bakteria 56 na ya virusi 30. Kusema ukweli utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, pengine waliopewa walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Lakini kwa mtoto ambaye dawa haimsaidii chochote, mimi sioni maana ya kumwingiza hata kwa hatari ndogo.

Wapo wanaoihitaji, mfano mtoto ambaye umio, ile njia ya chakula, limechubuka, na huyo hupewa kwa kipimo cha uzito wake, kwa kawaida wiki 4 hadi 8 halafu anaangaliwa tena. Kama daktari ameandika usikatize kivyako, muulize ni ya wiki ngapi. Na kama mtoto anatapika kijani au damu, anatapika kwa nguvu mpaka mbali, au uzito umekwama, usije kwangu kwa kaunta, mpeleke hospitali leo hii.