Halloween Ilitoka Wapi?

Katika utafiti wangu wa historia ya sikukuu za Ulaya, kila Oktoba huulizwa kama Halloween, sherehe ya usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ni ibada ya kipagani iliyovikwa joho la Kikristo. Dai hilo lina ushahidi mchache kuliko wengi wanavyodhani.

Kwamba Waayalandi wa kale walikuwa na sikukuu ya Samhain, hakuna anayepinga. Ilikuja mwanzoni mwa Novemba, mifugo iliporudishwa kutoka malisho ya kiangazi na mingine kuchinjwa kabla ya baridi, na masimulizi ya Zama za Kati yanautaja usiku huo kuwa wakati viumbe wasioonekana walipowakaribia wanadamu. Hata hivyo, masimulizi hayo yaliandikwa karne nyingi baada ya Ukristo kuingia, nayo hayaelezi ibada zenyewe zilifanywaje.

Husemwa pia kwamba Kanisa liliiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba ili kuimeza Samhain. Kalenda ya watakatifu iliyotungwa Ayalandi kwenyewe karibu na mwaka 800 inaiweka sikukuu hiyo tarehe 20 Aprili! Novemba ilishikwa kwanza Uingereza na Ujerumani, kisha mwaka 835, kwa himizo la Papa Gregori IV, ikaenezwa katika milki ya Wafranki, iliyotawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi.

Desturi ya watoto kubisha hodi mlango kwa mlango usiku wa Halloween wakiomba vitu vitamu ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa chimbuko lake linaelekea kuwa sala. Karibu na mwaka 1000, Odilo, abati wa Cluny nchini Ufaransa, aliwaagiza watawa wake kuwaombea marehemu wote tarehe 2 Novemba, siku ambayo Wakatoliki wa Afrika Mashariki nao huwaombea marehemu wao. Nchini Uingereza watu waligawa mikate ili wanaopewa waziombee roho zilizoko toharani, yaani mahali pa kutakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Matengenezo ya Kiprotestanti ya karne ya 16 yaliikataa toharani, lakini huko Cheshire na Shropshire watoto waliendelea kupita wakiimba na kuomba vikate hivyo hadi karne ya 19.

Uskoti na Ayalandi vijana walificha nyuso na kuchonga taa kutokana na tanipu, aina ya mboga ya mzizi; wahamiaji wakakuta Marekani boga, lililo kubwa na rahisi zaidi kuchonga. Watoto kudai peremende kwa kutishia utundu ni jambo la juzi tu: linaonekana katika magazeti ya Kanada mwanzoni mwa karne ya 20, likafifia sukari ilipogawiwa kwa mgao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na likaenea Marekani nzima baada ya mgao huo kuondolewa.