Kwa nini dirisha linajibu upana wake ni 1: mpangilio kabla ya kuonyeshwa

Msimu wa korosho nilikua naandika kiprogramu cha Tkinter (zana ya Python ya kutengeneza madirisha) cha kuingiza kilo za wakulima huku kwetu Mtwara, dirisha lenyewe sio kubwa, vitu vyote vikishajipanga linafika kama pikseli 600 kwa 400, nikataka likifunguka likae katikati ya skrini. Laptop ni 1366 kwa 768. Nikapiga hesabu ya kawaida, upana wa skrini toa upana wa dirisha gawa kwa mbili, nawasha programu naona dirisha limesogea kulia chini na batani ya Hifadhi haionekani kabisa. Kuprinti winfo_width, ile amri ya kuuliza upana wa dirisha, ikaleta 1. Kimo nacho 1.

Sasa hapo ndo unatakiwa kuelewa hii kitu. Ukiandika lebo au batani kwenye kodi, ipo kwenye memori tu, haijagaiwa sehemu ya kukaa. Ni kama ghala la korosho, mwenye ghala kwanza anauliza kila mtu ana gunia ngapi, akishajua ndo anagawa nafasi, ukimuuliza mkulima kabla ya hapo gunia zako ziko kona gani hana jibu. Na dirisha hivyo hivyo: kwanza kila kitu kinataja ukubwa kinaoutaka kutokana na fonti na maneno yake, fremu, yaani kisanduku kinachobeba vitu vingine, inakusanya ukubwa wa vilivyo ndani yake inapeleka juu, alafu nafasi halisi inagawiwa kutoka juu kushuka chini.

Na Tk, injini iliyo chini ya Tkinter, haifanyi hiyo kazi palepale, inaiweka kiporo mpaka programu ipate upenyo, kwasababu ukiongeza lebo ishirini itabidi ipange upya mara ishirini wakati mara moja inatosha, mi naona wamefanya la maana kabisa.

Kwahiyo hesabu yangu ilikua 1366 toa 1 gawa kwa mbili, 682, na kwa chini 383. Yaani iliyokaa katikati ni kona ya juu kushoto. Jumlisha 383 na 400 unapata 783, skrini inaishia 768, batani imezama.

Dawa yake, ficha dirisha kwanza kwa withdraw, weka vitu vyako vyote, ita update_idletasks ili ule mpangilio ufanyike sasahivi, alafu soma winfo_reqwidth na winfo_reqheight maana huo ndo ukubwa linaoutaka, piga hesabu, lipeleke kwa geometry, mwisho lionyeshe kwa deiconify. Halirukiruki mbele ya mtu.

Usije ukaandika 600 kwa mkono ukasema yaishe. Siku ukibadili "Kilo" ikawa "Jumla ya malipo ya mkulima", au mashine nyingine ina fonti kubwa, hesabu imeharibika tena.

Wa Java Swing, zana ya madirisha ya lugha ya Java, nao yako hayohayo, ila kwao getWidth inaleta 0 mpaka uite pack inayopanga ukubwa, na ukiita setLocationRelativeTo, ile ya kuweka dirisha katikati, kabla ya pack, ile kona ya juu kushoto inakaa katikati vilevile.