Talaka Tanzania Bara: Yanayosemwa Vibarazani na Yanayosemwa na Sheria

Kwenye daladala, saluni na vikao vya familia, kila mtu ni mwanasheria wa ndoa. Ambaye ndoa yake imeyumba hushauriwa kabla hajaomba ushauri, na mwingi wa ushauri huo umetoka kwa jirani aliyesimuliwa na jirani mwingine. Hapa nazungumzia Tanzania Bara, ambako ndoa ya kanisani, ya msikitini, ya kimila na ya bomani zote ziko chini ya sheria moja: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Zanzibar ina utaratibu wake na Mahakama za Kadhi, kwa hiyo aliyefunga ndoa Unguja au Pemba asiyachukue haya kama yalivyo.

"Kashaniandikia talaka, yamekwisha."

Hili ndilo linaloumiza watu wengi zaidi, kwa hiyo tukae nalo kidogo. Mume anaandika karatasi mbele ya mashahidi wawili, anamkabidhi mkewe, mke anafunga virago anarudi kwao. Kwa upande wa dini huenda kweli ameachika. Kwa sheria ya nchi, karatasi ile peke yake haijavunja ndoa iliyofungwa Bara. Kama wote wawili wako hai na ndoa haijabatilishwa, kinachoimaliza ni amri ya talaka ya mahakama.

Sheria haijaipuuza talaka ya Kiislamu. Kifungu cha 107 kimeiwekea njia yake: wanandoa Waislamu wakishapita Baraza la Usuluhishi (chombo cha kupatanisha wanandoa kabla ya mahakama, nitalirudia mbele), Baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itaona ndoa imevunjika kabisa na kutoa talaka. Tazama mpangilio wake: Baraza, kisha talaka, kisha mahakama. Wengi wanaanzia katikati na kuishia hapo hapo.

Hasara yake huonekana kwenye nyumba. Chukua mama aliyepewa karatasi akiwa Mbagala, akarudi Tanga, nyumba waliyokuwa wakiishi ikabaki kwa mume kwa kuwa hati ina jina lake. Miaka inapita, anasikia kuna mnunuzi. Ananung'unika tu, akiamini ameshaachwa na hana sauti. Kumbe kifungu cha 59 kinasema maadamu ndoa ipo, mwanandoa hawezi kuuza, kugawa, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mwenzake huyo anaweza kuweka zuio kwenye hati. Kwa mama huyu, ndoa aliyodhani imekufa ndiyo iliyokuwa inamlinda.

"Tumetengana miaka mingi, ndoa imejifia."

Haijifii. Kutengana kwa hiari kwa miaka mitatu au zaidi, au kutelekezwa kwa muda huo, ni ushahidi tu unaopelekwa mahakamani, sawa na ugoni, ukatili au mwenza kufungwa miaka mitano na zaidi. Aliyefunga ndoa ya mke mmoja kanisani, akaondoka, akafunga nyingine mkoani bila talaka, hana ndoa ya pili kisheria. Wa kumhurumia hapo ni huyo mke wa pili, ambaye kwa kawaida hana habari.

Kuna pia wanaotaka kuachana ndoa ikiwa bado changa. Ndani ya miaka miwili ya kwanza shauri la talaka halifunguliwi mpaka mahakama itoe ruhusa, na mwombaji aoneshe kwamba anapata mateso yasiyo ya kawaida.

"Ndoa ya kanisani haina talaka."

Kanisani, huenda. Mahakamani ipo, na hakimu hataomba kibali cha paroko. Ila Mkatoliki ajue kwamba amri ya mahakama haimfungulii mlango wa kufunga ndoa nyingine kanisani. Hilo lina mahakama zake za Kanisa.

"Baraza ni kupoteza muda, nenda moja kwa moja mahakamani."

Wanaosema hivi ndio wanaopoteza muda. Kifungu cha 101 kinakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa na Baraza likathibitisha kushindwa. Baraza linaweza kuwa la Kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au la kanisa, alimradi linatambuliwa kisheria. Lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kikao cha wajomba na mashangazi sebuleni, hata kiwe na hekima ya namna gani, si Baraza. Barua ya mjumbe wa nyumba kumi nayo haitoshi.

Kinachotakiwa ni hati ya Baraza, Fomu Namba 3, inayosema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Isomeni kabla ya kuondoka pale ofisini. Nyingine huandikwa "tunawaruhusu waende mahakamani" bila kusema kama pande zote mbili ziliitwa na kusikilizwa; nyingine hazina saini wala muhuri. Shauri linaweza kuendeshwa mpaka hukumu, mali zikagawanywa, halafu kwenye rufaa ikaonekana hati ilikuwa mbovu na kila kitu kikafutwa, mkarudishwa barazani mkiwa mmechoka na nauli zimekwisha. Hati nayo ina umri: shauri lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu itolewe.

Baraza halitoi talaka wala halina mamlaka ya kugawa mali. Likikugawia vyombo na kiwanja, huo ni ushauri wa wazee.

Na kama mwenzako ameitwa akagoma kwa makusudi? Au ametoweka hajulikani alipo? Au yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita? Sheria imeruhusu mashauri ya namna hiyo kwenda mahakamani bila hati, lakini sababu hizo lazima zitajwe na kuthibitishwa. Mwanamke anayepigwa naye asidhani analazimika kukaa meza moja na anayempiga huku akisubiri tarehe: kipigo ni kosa la jinai, dawati la jinsia polisi linapokea malalamiko yake bila hati ya Baraza lolote, na mazingira yakiwa ya hatari mahakama inaweza kuombwa ione kwamba kwenda barazani hakuwezekani.

"Mali ni nusu kwa nusu." "Mama wa nyumbani hana chake."

Zote mbili si kweli, na huwa nashangaa zinavyoishi nyumba moja bila kugombana.

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja. Hakimu anaangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mila za jamii yao. Madeni waliyoyaingia kwa faida ya wote wawili. Na mahitaji ya watoto. Neno "nusu" halimo kama kanuni. Sheria inasema mahakama ielekee kwenye usawa wa mgawanyo, lakini baada ya kuyapima hayo yote.

Kuhusu mama wa nyumbani, Mahakama ya Rufani ilimaliza ubishi mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kupatikana kwa mali. Wanaoinukuu kesi hiyo mara nyingi huishia hapo. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mume kwa ajili ya biashara ya familia alizitapanya. Haki ilitambuliwa, ushahidi ukamwangusha.

Ndiyo maana wakili mzuri, siku ya kwanza, hataki sana hadithi ya mchepuko. Anataka karatasi: mauziano ya kiwanja yaliyogongwa muhuri serikali ya mtaa, risiti za saruji na mabati, miamala ya simu uliyomtumia fundi, daftari la kikoba linaloonesha ulikopa mwezi ule msingi ulipojengwa, na jina la jirani aliyekuona ukichota maji ya ujenzi. Kiwanja alichokuja nacho mume kabla ya ndoa nacho kinaweza kuingia kwenye hesabu kama kimeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mke au kwa juhudi za wote.

Swali la "nani kaomba talaka" halimo kwenye kifungu hicho. Wanaosema mke akidai yeye hutoka mikono mitupu wanachanganya na kurejesha mahari katika khului (talaka ya Kiislamu ambayo mke hujikomboa kwa mume), ambayo ni suala jingine.

"Watoto ni wa baba, wakifika miaka saba anawachukua."

Sheria inadhania kwamba mtoto wa chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi kwamba akitimiza saba anahama na begi lake. Kipimo wakati wote ni ustawi wa mtoto: anasoma wapi, nani anamjali, yeye mwenyewe anataka nini kama amefikia umri wa kujieleza. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuagizwa kufika nyumbani na kuandika taarifa. Matunzo si nauli ya kumwona mtoto. Baba asiyetoa anabanwa kwa amri ya mahakama, na mama anayemficha mtoto hawezi kujitetea kwa deni la matunzo.

"Miezi sita pamoja, tayari ni mke."

Ni miaka miwili, tena jamii iwe inawatambua kama mke na mume (kifungu cha 160). Hata hapo ni dhana inayoweza kupingwa, kwa mfano mmoja akiwa na ndoa nyingine ya mke mmoja iliyo hai. Ikipingwa, mahakama bado inaweza kuamuru matunzo na nafuu nyingine.

"Wakili ni wa matajiri, tena anachochea ugomvi."

Shauri la ndoa linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa gharama ndogo, na watu wengi hujisimamia wenyewe pale. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama mahakama hizo. Mabadiliko ya 2021 yakawaruhusu pale anapoketi hakimu mkazi. Mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama, kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza kimepungua.

Kazi kubwa ya wakili hufanyika kabla ya mahakama: kukagua hati, kuchagua mahakama, kuorodhesha mali, na kuandika makubaliano ya watoto na matunzo ili kilichobaki cha kubishania kiwe kidogo. Hawezi kuwawakilisha wote wawili, hata mkiwa mnaelewana. Asiye na uwezo ana haki ya kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA, WLAC na LHRC yamefanya kazi hii kwa miaka mingi, na wasaidizi wa kisheria wapo mpaka vijijini. Dar es Salaam, Temeke, kuna Kituo Jumuishi cha mashauri ya familia chenye huduma hizi mahali pamoja.

Jihadharini na vishoka wanaozagaa nje ya mahakama na bahasha za kaki. Jina la wakili hutafutwa bure kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kama halionekani, au leseni ya mwaka haijahuishwa, usimlipe. Na mkishapewa hukumu, ombeni nakala ya hukumu na ya amri ya talaka siku hiyo hiyo: siku za rufaa zinahesabika, kukazia hukumu (kuifanya itekelezwe) kunahitaji nakala hizo, talaka inatakiwa isajiliwe, na atakayewafungisha ndoa nyingine ataitaka ile amri kabla hajaandika jina.