Mvua, milima na madini joto

Tukiwa vijijini huulizwa mara kwa mara: iweje mtu anayekula akashiba, tena mboga za shambani mwake mwenyewe, apungukiwe na kitu mwilini? Jibu liko kwenye udongo. Mmea hautengenezi madini, huyafyonza tu kutoka ardhini. Shamba lisipokuwa nayo, hata mchicha uliostawi hautakuwa nayo.

Chukua madini joto, yaani iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Ukijumlisha mahitaji ya miaka 70 hupati hata gramu 4, na hizo hazijazi kijiko cha chai. Ila bila hizo, tezi iliyoko shingoni haiwezi kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji, joto la mwili na ujenzi wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Tezi ikikosa iodini hutanuka, ikihangaika kunasa kila chembe ipitayo kwenye damu. Uvimbe huo ndio goita, au rovu. Goita angalau huonekana. Kinachoniumiza zaidi ni mtoto anayezaliwa na mtindio wa ubongo au uziwi kwa sababu mama yake alipungukiwa sana wakati wa ujauzito, maana hapo hakuna tena dawa ya kumrudishia alichokosa.

Iodini huyeyuka upesi katika maji. Kwa maelfu ya miaka mvua imeiosha miteremkoni na kuipeleka baharini. Ndiyo maana samaki wa baharini na mwani wanayo kwa wingi, ilhali Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zilijulikana kwa goita. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mihogo nayo ilichangia. Mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vizuri hubaki na sumu iitwayo sianidi. Mwili huigeuza kuwa kemikali iitwayo thayosianeti, ambayo huizuia iodini kuingia kwenye tezi.

Mifugo nayo haisalimiki. Enzi za ukoloni, ng'ombe wa maeneo ya Nakuru, Kenya, walikonda na kudhoofika malishoni. Udongo ule wa volkano ulikuwa na upungufu wa madini yaitwayo kobalti. Vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huhitaji kobalti ili vitengeneze vitamini B12, na ng'ombe asiyepata vitamini hiyo hupoteza hamu ya kula, majani yakiwa mbele yake. Mfugaji anayeweka jiwe la kulamba lenye madini zizini anaziba pengo hilo hilo.

Kuzidi nako kuna madhara. Arusha na Kilimanjaro kuna maji yenye madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto ni ushahidi. Magadi ya kulainishia maharage huweza kuongeza floraidi hiyo.

Kwa madini joto, njia tuliyo nayo ni chumvi. Nunua iliyofungwa, yenye maandishi kuwa imewekwa madini joto. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua, unyevu na joto la jiko, kisha itie chakula kikikaribia kuiva. Chumvi ya mawe usiioshe, kwani iodini iliyonyunyiziwa juu yake humwagika pamoja na maji. Wala usiongeze chumvi chunguni ukidhani utapata madini joto zaidi: ile ya kawaida, ikiwa imewekwa madini hayo, inatosha.