Je, wajua? Kusaini raga ya kulipwa kulikuwa safari isiyo na kurudi

Mwezi Machi 1953, viongozi wa klabu ya raga ya Wigan, kaskazini mwa Uingereza, walifunga safari hadi Tiger Bay, mtaa wa bandari jijini Cardiff, Wales, wakaketi nyumbani kwa akina Boston. Walimfuata Billy, winga wa miaka 18, mmoja wa watoto kumi na mmoja wa baba kutoka Sierra Leone. Wakatoa noti, wakazipanga mezani. Mama yake hakutaka mwanawe aende, akataja bei aliyoamini ingewaondoa wageni wale mlangoni mwake: pauni 3,000. Wakakubali. Neno lilishamtoka mdomoni, na Billy akasaini.

Mama gani anaogopa mwanawe akipata pesa nyingi namna hiyo? Hofu yake ilikuwa na mizizi ya zaidi ya nusu karne.

Sisi huku Afrika Mashariki raga tunayoijua ni ya watu 15, na zaidi ile ya watu saba iliyowapa Collins Injera na wenzake wa Shujaa, timu ya Kenya, kombe la Singapore mwaka 2016. Lakini ukienda Wigan, Leeds au Sydney, raga inayojaza viwanja ni ya watu 13, maarufu kama raga ya ligi. Zamani mchezo ulikuwa mmoja. Uligawanyika kwa sababu ya mshahara wa siku moja.

Kaskazini mwa Uingereza waliocheza walikuwa wachimba makaa ya mawe na vibarua wa viwanda vya nguo. Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya kazi. Ukitaka kucheza ugenini, unaacha kazi, na mshahara wa siku hiyo unakatwa. Klabu za kaskazini ziliomba jambo dogo sana: mchezaji afidiwe kile alichokatwa kazini. Chama cha raga kiliongozwa na watu waliosoma shule za matajiri, ambao Jumamosi yao haikuwa na bosi, nao wakashikilia kwamba raga ni ya ridhaa. Mwaka 1893 hoja ilipigiwa kura na kuangushwa, 282 kwa 136. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za kaskazini zikajitenga na kuanzisha chama chao. Fidia waliyoiruhusu ilikuwa shilingi sita kwa siku.

Jibu la upande wa pili lilikuwa kali. Aliyecheza raga ya ligi, hata mara moja, alifungiwa raga ya watu 15 maisha yake yote. Huko Wales, ambako raga ni kama dini, kijana aliyesaini alijua kwamba jezi nyekundu ya taifa hataivaa tena. Boston alikua akiota kuichezea Cardiff, kisha Wales. Cardiff haikumwita. Na hadi anaondoka, timu ya taifa ya Wales ya watu 15 ilikuwa haijawahi kumchagua mchezaji mweusi hata mmoja. Hili lisisahaulike: mlango aliofungiwa kwa kusaini, hakuna aliyekuwa amemfungulia kabla.

Sasa, kwa nini watu 13? Sababu ni pesa ileile. Klabu inayolipa wachezaji hutegemea mapato ya milangoni, na shabiki halipi kiingilio atazame rundo la wanaume likigombea mpira usioonekana. Kwa hiyo mwaka 1906 wakapunguza wachezaji wawili ili uwanja upate nafasi ya kukimbia, na wakabadili kinachofuata baada ya mtu kukabwa. Aliyeangushwa anaachiwa, anasimama, anauweka mpira chini na kuuburuta nyuma kwa wayo, mwenzake anauchukua na mbio zinaanza tena. Siku hizi timu ikikabwa mara sita mpira unakwenda kwa wapinzani, ndiyo maana baada ya mara ya tano mara nyingi utaona mpira ukipigwa teke mbali. Kwa sehemu kubwa ya enzi za Boston hapakuwa na hesabu hiyo.

Mchezo wa nafasi ulimfaa kama maji kwa samaki. Alikuwa na mwili mkubwa kwa winga, na mbio zake zilikuwa za kutisha. Alipocheza mara ya kwanza Oktoba 1953, katika kikosi cha pili tu, watu zaidi ya 8,000 walikuja kumtazama. Mwaka uliofuata, akiwa na mechi chache mno za kikosi cha kwanza, aliitwa timu ya Uingereza iliyozuru Australia na New Zealand, na akafunga trai 36 (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) katika mechi 18. Kwa Wigan alifunga 478. Ukijumlisha zote za maisha yake unapata 571.

Kuchezea taifa hakukumkinga na yote. Mwaka 1957, baada ya Kombe la Dunia kule Australia, wenzake walipitia Afrika Kusini kucheza mechi za maonyesho. Yeye akaachwa nje kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, akarudi peke yake.

Raga ya watu 15 ilikubali malipo Agosti 1995, siku tatu kabla ya mgawanyiko kutimiza miaka 100. Mwaka huohuo Jonathan Davies, aliyewahi kuwa nahodha wa Wales kabla ya kusaini ligi, alirudi Cardiff, na baadaye akaivaa tena jezi nyekundu. Boston alikuwa na miaka 61. Alibaki Wigan, ambako baada ya kustaafu aliendesha baa karibu na uwanja aliokuwa akiuchezea.

Mwaka 2023 sanamu yake ilizinduliwa Cardiff, eneo lilelile la bandari, akiwa na Gus Risman na Clive Sullivan, wana wengine wawili wa mji huo waliokwenda kaskazini. Juni 2025 Boston, akiwa na miaka 90, alitunukiwa na Mfalme Charles cheo cha Sir. Katika miaka 130 ya raga ya ligi, hakuna mchezaji aliyekipata kabla yake.