Falsafa ya Wafaransa na shida za leo: mi naanzia gerezani

Nafundisha falsafa, na kila mara naulizwa hivi hawa Wafaransa na maneno yao magumu wanamsaidia nani? Kiukweli mengine hayasaidii, kuna vitabu unamaliza sura nzima hujui umeambiwa nini. Ila kuna jambo moja lilifanyika Paris Februari 1971 ambalo kwangu linajibu swali lote.

Mwanafalsafa Michel Foucault, wakati huo profesa pale Collège de France, taasisi kubwa ya elimu ya juu ya Paris, alianzisha kikundi cha kukusanya habari za magereza, yeye na Jean-Marie Domenach na Pierre Vidal-Naquet. Nadharia waliiweka pembeni kwanza. Wakaandaa dodoso, likapenyezwa ndani kimyakimya kupitia ndugu wanaoenda kuona watu wao, linauliza chakula kikoje, ukiumwa unatibiwaje, barua zako nani anazisoma, kazi unalipwa ngapi. Majibu wakayachapisha. Mwaka huohuo magazeti yakaruhusiwa kuingia magerezani, maana kabla ya hapo mfungwa habari za nje alikuwa hazipati, na Desemba wafungwa wa gereza la Toul, mashariki mwa Ufaransa, wakaasi. Kile kitabu chake maarufu kuhusu magereza kikaja baadaye, 1975, yaani dodoso ndo lilitangulia.

Sasa watu wanachokariri kutoka kitabu hicho ni lile gereza la duara alilolibuni Mwingereza Bentham, mlinzi katikati na mfungwa hajui saa ngapi anaangaliwa, basi kila kamera ya barabarani wanakutajia hilo. Nimelichoka. Mwanafalsafa mwingine wa Kifaransa, Gilles Deleuze, mwaka 1990 aliandika kurasa chache tu zinazofaa zaidi kwa leo: hufungiwi tena, unaachwa uzunguke, ila kila mlango unataka kadi na kompyuta ndo inaamua leo unapita au hupiti. Ufaransa yenyewe 2023 ikapitisha sheria ya kujaribu kamera zenye programu ya kuchambua picha kwa ajili ya Olimpiki ya 2024, na sheria ikakataza zisitambue sura, zinaangalia tu begi lililoachwa, msongamano, mtu anayekwenda kinyume na wenzake. Wewe ni nani haiwahusu, wanataka mwendo wako (Deleuze angecheka).

Na magereza ya huko bado yamefurika, watu zaidi ya 80,000 kwenye nafasi kama 62,000, wengine wanalala kwenye magodoro chini. Ndo maana mwanafunzi akija kwangu na mada ya Foucault namwambia lile gereza la duara aliache kwanza, akasome yale majibu ya wafungwa.