"Nzi" wa kuvulia jodari ni kitu gani?

Mtu akikuambia amenasa jodari kwa nzi, usimcheke. Nzi anayemtaja hana mabawa wala hafanani na mdudu yeyote. Ni ndoana iliyofungwa manyoya na uzi mpaka ikafanana na dagaa. Jina limetoka mitoni huko Ulaya, ambako ndoana za manyoya ziliiga wadudu wanaoliwa na samaki aina ya trauti. Mbinu ilipohamia baharini, mdudu aliachwa, jina likabaki.

Manyoya peke yake hayaufanyi uvuvi kuwa wa nzi. Wavuvi wa kurambaza nao huburuta chambo bandia cha manyoya nyuma ya mashua. Tofauti iko kwenye uzito. Chambo cha chuma hurushwa kwa uzito wake, nacho huvuta mshipi. Nzi ni mwepesi mno, harushiki. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene, wa mita 30 hivi, unaopelekwa nyuma na mbele hewani hadi upate kasi, na nzi hufuata tu huko mwishoni.

Nzi maarufu wa baharini ni Lefty's Deceiver, aliyebuniwa na Mmarekani Lefty Kreh kwenye ghuba ya Chesapeake mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1991 posta ya Marekani ilimweka nzi huyo kwenye stempu. Kumtengeneza, ndoana hubanwa kwenye jiliwa, kisha manyoya marefu ya jogoo, matatu au manne kila upande, hufungwa nyuma kabisa, pale shina linapoanza kupinda. Yakifungwa mbele karibu na tundu la kufungia mshipi, hujisokota kwenye ndoana wakati wa kurusha, na jodari hageuki hata kutazama. Kichwani huzungushiwa nywele za mkia wa kulungu, nyeupe chini, kijani au buluu juu, na nyuzi mbili tatu zinazometa. Jicho hubandikwa, gundi hupakwa.

Anayeanza hujaza manyoya kupita kiasi. Nzi mnene hunywa maji, humchosha mrushaji, na majini huonekana kama brashi ya viatu. Dagaa ukimwinua juani utaona mwanga ukipenya mwilini mwake; nzi naye apenyeze mwanga. Na urefu uwe ule wa dagaa wanaoliwa siku hiyo, kwa kuwa jodari ana macho makali na anaposhiba dagaa wadogo huwa na madaha.

Kundi la jodari hujulikana kwa ndege wanaopiga mbizi. Mashua isipite katikati, samaki watakimbilia chini. Isimame kando, nzi atue mbele yao. Fimbo hubanwa kwapani, mikono miwili ikivuta mshipi kwa zamu bila kupumzika. Jodari akimeza, usiinue fimbo! Vuta mshipi kwa mkono hadi ndoana ikite, kisha angalia miguu yako, maana mshipi uliolala sakafuni utaruka wote kwa sekunde chache, na ukijifunga kwenye kidole utajuta. Baada ya hapo rili, yaani kigurudumu cha mshipi kwenye fimbo, hutoa uzi wa akiba, mita 200 na zaidi. Halafu jodari huzama wima chini ya mashua na kuanza kuzunguka, na hapo ndipo utakapojua fimbo ya nzi ilitengenezwa kwa kurushia, si kwa kunyanyulia mzigo.